Nimeuona Usajili wa Chuo Ukifanyika Karatu, Aisee!

Acheni kwanza mnachokifanya, niwasimulie. Usajili wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, ule uliokuwa unamtoa mtu jasho wiki nzima, nimeushuhudia ukifanyika kwenye kiti cha plastiki ndani ya steshenari moja jirani na stendi ya Karatu. Kuanzia kulipa ada mpaka masomo ya muhula wa kwanza kukaa kwenye orodha, kila moja na alama yake ya vema ya kijani! Nje konda wa Noah anaita abiria wa Mto wa Mbu na Makuyuni, ndani binti wa miaka kumi na tisa anakuwa mwanachuo hivi hivi tunamwona. Hakupanda basi. Hakulala kwa ndugu wa rafiki ya mtu huko mjini ili awahi foleni alfajiri. Kazi yangu ni kuandika juu ya simu na programu za kila namna, na si mara nyingi kitu cha kwenye kioo kinanisimamisha wima.

Binti mwenyewe ni mpwa wangu. Katoka kidato cha sita na HGL yake, kapata chuo kimoja cha serikali ambacho sitakitaja, maana ninachokipima hapa ni utaratibu, na utaratibu wenyewe unafanana karibu nchi nzima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanao ARIS, Dodoma wanao SR2, Sokoine kule Morogoro wanao SUASIS, na vyuo kadhaa vinatumia SARIS. Rangi na vitufe vinatofautiana, mwendo ni ule ule: thibitisha nafasi, lipa, jaza taarifa, pata namba ya usajili, sajili masomo, kisha nenda ukahakikiwe vyeti.

Hatua ya kuthibitisha nitaipitia mbio mbio, ingawa nayo ina utamu wake. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, Julai hivi, Tume ya Vyuo Vikuu inafungua dirisha la maombi na kijana anaomba moja kwa moja kwenye vyuo anavyovitaka. Akichaguliwa na zaidi ya kimoja, anatumiwa namba maalumu ya siri kwenye simu. Anaingia kwenye akaunti ya chuo alichokipenda, anaiandika ile namba, kwisha. Kule kwingine nafasi yake anapewa mwenzake. Wakubwa wenzangu wanakumbuka kwamba kati ya 2010 na 2017 maombi yote yalipita kwenye mfumo mmoja wa tume, nao ndio uliokupangia chuo. Kabla ya hapo ilikuwa fomu za karatasi, bahasha na sanduku la posta. Mpwa wangu alikuwa na vyuo viwili mkononi, na alikichagua kimoja kwa dole gumba huku mkono wa pili umeshika hindi la kuchoma.

Sasa njooni kwenye kontroo namba. Jamani, kontroo namba! Unafungua ukurasa wa malipo, unachagua unacholipia, na mfumo unakutolea tarakimu kumi na mbili zinazoanza na 99. Ada ina yake. Ada ya uthibiti ubora inayokwenda tume, shilingi 20,000, imo. Bima ya afya ya mwanafunzi, 50,400 kwa mwaka, nayo imo, isipokuwa kama tayari una kadi ya mzazi. Kaka wa steshenari alizisoma tarakimu kwa sauti, tatu tatu, mpwa wangu akizibonyeza kwenye simu ya mama yake, kwenye menyu ya malipo ya serikali. Jina la chuo likajitokeza, kiasi kikajitokeza, mama akaingiza namba yake ya siri huku ameigeuzia simu ukutani tusiione. Tukarudi kwenye kompyuta. Kaka akapakia ukurasa upya. Doa jekundu. Akapakia tena. Doa jekundu. Mama kaanza kuguna, maana hela imeshatoka na hajaona kitu. Mara paa, doa la kijani! Mtu mzima mimi nikapiga makofi.

Anayeona hilo ni jambo dogo hakuishi enzi za karatasi ya benki. Ulikuwa unapanga foleni benki, unapewa kipande cha karatasi, unakitoa nakala tatu, unasafiri nacho kwenye soksi, unakipeleka kwa mhasibu wa chuo, mhasibu kaenda kunywa chai. Ukikipoteza kile kipande, umepoteza ada. Mfumo wa malipo ya serikali ulioanza kazi 2017 umeiunganisha benki, simu na chuo kwa namba moja, na fedha inapoingia jina lako ndilo linalosoma. Mama anabaki na ujumbe wa simu. Siku ile ile aliusambaza kwenye kundi la ukoo, na majibu ya hongera yalikuwa hayajakoma hadi jioni.

Dakika chache baadaye namba ya usajili ikatoka, na ikaanza na mwaka! Naipenda sana tabia hii ya namba za vyuo vyetu. Mtu akikutajia yake unajua aliingia lini na unajua umwamkie au akuamkie. Mpwa wangu aliipiga picha, akaiweka kwenye hali yake ya WhatsApp, halafu ndipo akakumbuka kuinakili kwenye daftari.

Na baada ya hapo ukafunguka ukurasa ninaotaka kuuzungumzia mpaka mnichoke: usajili wa masomo.

Kwa juu pamepangwa masomo ya lazima. Hayo yameshawekewa vema, na ukijaribu kuyagusa hayasogei. Mna masomo ya fani, mna Stadi za Mawasiliano, mna na lile la mambo ya maendeleo ambalo kila aliyepita chuo analifahamu kwa herufi mbili tu, DS. Pembeni ya kila somo kuna krediti zake, na kwa chini kuna jumla inayopanda kadiri unavyochagua. Krediti si pambo. Krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha darasa, maktaba, mazoezi na mtihani wenyewe. Kwa mwongozo wa tume, mwaka wa shahada unatakiwa kufikisha krediti 120, kwa hiyo aliye kwenye shahada ya miaka mitatu anazisaka 360. Pigeni hesabu: saa 1,200 za kazi kwa mwaka, zimekaa pale kwenye kona ya ukurasa kwa tarakimu ndogo ambazo kaka wa steshenari alitukuzia ili tuzisome.

Chini ya masomo ya lazima kuna masomo ya hiari. Orodha ndefu, viboksi vitupu, na agizo la kuchagua mawili.

Mpwa wangu akatulia.

"Mjomba, hapa nachagua mimi?"

"Unachagua wewe."

"Hawanipangii?"

Lile swali lilinipata. Fikirieni mtoto wa kitanzania alivyofika pale. Kamaliza darasa la saba, kapangiwa sekondari ya kata. Kamaliza kidato cha nne, kajaza machaguo yake, halafu TAMISEMI ikampangia shule na tahasusi; mtoto wa Rhotia anajikuta yuko bwenini mikoa mitatu mbali na kwao, anasoma tahasusi aliyoiandika chaguo la nne. Hata ratiba ya chakula ilikuwa ya kupangiwa. Kisha siku moja, kwenye steshenari, kioo kinamwambia chagua, na boksi ni tupu kweli kweli, na hakuna mwalimu wa taaluma nyuma yake. Watu wanausifia mfumo huu kwa kasi. Mimi nausifia kwa yale maboksi mawili. Miaka kumi na mitatu ya shule na zaidi, na hilo ndilo swali la kwanza la masomo alilojibu mwenyewe bila mtu kulisahihisha juu yake.

Lakini hapo hapo ndipo nilipokata nusu nyota, maana tathmini bila makato ni tangazo. Orodha ya masomo ya hiari inakupa msimbo, jina na krediti, basi. Haisemi somo linahusu nini, nani anafundisha, lina mtihani au kazi ya uwandani, wala kama linagongana na somo la lazima kwenye ratiba. Majina yenyewe ni ya kiofisi na ni ya Kiingereza, kama ukurasa wote, kwa hiyo mama aliyelipia alikuwa anatazama rangi tu. Mpwa wangu alimuuliza kaka wa steshenari ushauri.

"Mdogo wangu, wengi wanachagua hili," kaka akaonyesha kwa kalamu.

"Kwa nini, kaka?"

"Kwa sababu wengi wanachagua hili."

Ndivyo masomo yanavyojaa, jamani! Sifa ya somo inazunguka kama bei ya vitunguu vya Mang'ola: hakuna ajuaye imeanzia wapi, na kila mtu anaifuata. Kilichotuokoa ni dada mmoja wa Endabash aliyeko mwaka wa tatu chuo hicho hicho. Akatumiwa picha ya orodha, akajibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, kuku wanasikika nyuma yake. Kasema hili lina kusoma kwingi lakini mwalimu wake anafundisha ukaelewa. Hili watu wanalikimbilia kisha wanalia kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Na kabla hujabofya chochote tafuta ratiba ya muhula, uone vipindi havigongani. Ule ujumbe ulistahili kuwa ndani ya mfumo. Chuo kitakachoweka aya mbili za maelezo chini ya kila somo la hiari, na kitufe cha kuonyesha ratiba, nitakipa nyota zote na kofia juu.

Mpwa wangu akachagua historia ya simulizi, na somo moja la takwimu. Takwimu, mtoto wa HGL! Nikamtazama. Akasema amechoka kuambiwa wa sanaa hawawezi hesabu. Akabofya kitufe cha kusajili, dirisha dogo likamuuliza ana uhakika, akasema ana uhakika kwa sauti kabla hajabofya.

Kwa asiyejua uzito wa kile kitufe: somo usilolisajili halikutambui. Utahudhuria, utaandika, utajibu maswali darasani mpaka mhadhiri akujue kwa jina, lakini kozi weki yako, zile alama za kazi za muhula, haina pa kuingizwa, na siku ya mtihani jina lako halimo kwenye orodha. Ndiyo maana vyuo vinatoa wiki chache za mwanzo wa muhula za kuongeza somo au kuliacha, na baada ya hapo mlango unafungwa. Mtu hajafika hata kuonja sup ya kurudia mtihani, hajakeri somo, hajadisko akaachishwa chuo, tayari ana somo hewa kwa sababu alidhani kukaa darasani kunatosha. Kwa hiyo ukimaliza chapisha ile orodha. Kaka alichapisha nakala mbili, moja ya begi, moja ya mama.

Niwapeleke kidogo juu, Ngorongoro, kwa sababu huko ndiko mfumo huu unapopimwa kwelikweli. Kijana wa Endulen, wa Nainokanoka au wa Olbalbal akikosa mtandao wa maana nyumbani, anateremka Karatu. Anapita lango la Lodoare. Na lango la Lodoare linafungwa saa 12 jioni. Mfumo unaweza kuandika kuwa muda wa mwisho ni saa 6 usiku. Wake yeye uliisha mapema, pale ambapo gari la mwisho la kumrudisha nyumbani lilipowasha injini. Mle steshenari nilimwona kijana mmoja wa huko, shuka lake begani, bahasha ya vyeti imefungwa ndani ya nailoni mbili, na kaka akawaomba waliotangulia wampishe. Hakuna aliyenung'unika. Mzee mmoja aliyekuja kutoa nakala ya hati ya shamba alisimama akampa kiti kabisa.

Katikati ya kazi yake mtandao ukakata. Weee! Ukimya ulioingia pale si wa kawaida. Kaka akatoa simu yake, akawasha bando lake mwenyewe, akaunganisha kompyuta, na hapo ndipo nikaona kitu cha kusifu kwa sauti kubwa: ukurasa ulivyofunguka, taarifa za kijana zilikuwepo zote mpaka pale alipofikia. Umehifadhi hatua kwa hatua! Aliyeubuni hivyo aliwahi kukaa mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka. Kwenye simu ndogo ukurasa bado unasumbua, jedwali la masomo linakimbilia kulia na kitufe cha mwisho unakitafuta kwa kuburuta kidole, lakini kwa anayefanyia steshenari hilo halimhusu sana. Kijana alitoka saa 9 na nusu alasiri, muda wa kutosha kunywa chai na kuwahi gari.

Mkopo nao una nyuzi zake zinazoshikana na usajili, na watu wengi huchanganya. Bodi ya Mikopo ina mfumo wake wa maombi, na maombi hayo yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, kwa hiyo kazi hiyo huanza miezi kabla ya chuo kufunguliwa. Ukipangiwa, unaona kiasi chako kwenye akaunti yako ya bodi. Fedha ya mkononi, ile ambayo kila mwanachuo anaiita boom, haiji mpaka chuo kiseme huyu ni wetu na amesajiliwa. Kisha unasaini. Na kusaini siku hizi ni kuweka kidole kwenye mashine! Zamani ilikuwa karatasi ndefu za majina zilizobandikwa ukutani, watu mia wanatafuta jina moja kwa kidole, kalamu imepotea. Sasa unagusa, unatambuliwa, unaondoka. Ushauri wangu kwa waliotoka moja kwa moja shambani: mashine ya vidole haipendi mkono uliotoka kwenye jembe, paka mafuta siku kadhaa kabla. Na kiasi kisikuchanganye. Fedha ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka wa masomo 2022/23 kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000, ila inakuja kwa mafungu, na fungu la kwanza lina mazoea ya kukukuta umeshakopa.

Basi kilichobaki kwa mpwa wangu ni kile ambacho kompyuta haijaweza: kuonekana kwa macho. Anakwenda na cheti halisi cha kidato cha nne, hati ya matokeo ya kidato cha sita, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo za kutosha na fomu ya afya iliyojazwa na daktari wa hospitali ya serikali, mhuri juu yake. Fomu ya afya isiachwe siku ya mwisho, kwa sababu kuna vipimo na kuna foleni, na mhuri nao una mtu wake. Wanaokwenda Dodoma kutoka huku wasizunguke Arusha bure. Shukeni mpaka Makuyuni, shikeni njia ya Minjingu, Babati, Kondoa. Kipande cha Babati hadi Dodoma kilizinduliwa 2018, lami safi, unafika na nguo zako zikiwa bado na rangi yake. Wa Dar na wa Morogoro ndio wa kupitia Arusha.

Akifika chuoni, kwa mujibu wa yule dada wa mwaka wa tatu, wenzake watakuwa kwenye foleni ya maabara ya kompyuta wakisubiri kusajili masomo kwenye mashine chache, wengine hawajui kontroo namba inaombwaje, na yeye atapita dirisha la uhakiki, atoe vyeti, vikaguliwe, apewe kitambulisho, akatafute kitanda.

Kitanda! Sijawaambia kuhusu kitanda. Maombi ya hosteli yana ukurasa wake, unafunguka Jumatatu, na nasikia una ramani ya majengo na idadi ya nafasi zinazopungua huku unaangalia. Nimeshaomba ruhusa kazini.